Vigoda vya Malabon

Hapa Malabon bahari haibishi hodi.
Mwezi ukikomaa, maji huingia kwa mlango wa mbele,
hukagua jikoni, hupima vifundo vya miguu yetu,
kisha hurudi kwao
yakituachia tulichokitupa juzi:
vipakiti vya shampuu, vya kahawa, vya mchuzi wa soya,
maana huku kununua ni kudonoa,
pesa ya leo huosha nywele za leo.

Luzviminda alianza na ndoo moja.
Hakuhutubia mtu. Alisema tu,
"Nileteeni vitupu, vimeoshwa, vimekatwa kichwa,"
akawalipa watoto yai moja kwa nusu kilo.
Ndipo tulipojua nusu kilo ni safari ndefu
kwa kitu kinachopeperushwa na chafya.

Katika gereji ya marehemu kaka yake, Isagani,
pana mota ya pampu tuliyoifundisha kusaga,
pana oveni ya mikate iliyostaafu
na kalibu ya chuma yenye umbo la kigoda.
Mimi nazungusha jeki.
Arsenio husema nazungusha
kama mtu anayemkamua ng'ombe aliyekufa.
Plastiki huingia na rangi za karamu,
nyekundu, dhahabu, kijani cha ndimu,
hutoka kijivu.
Matangazo yote yakiyeyushwa pamoja
husema jambo moja tu.

Kigoda cha kwanza kilikuwa kizuri, na kijinga.
Tulikibebesha gunia la mchele,
tukalala usingizi wa watu waliojipanga.
Usiku maji yakaja, kigoda kikaelea,
gunia likaegama polepole kama mlevi anayetafuta bega,
na bahari ikala wali mbichi.
Luzviminda akakifukuza barabarani,
sketi mkononi, matusi mdomoni,
kikimtangulia kona baada ya kona
hadi kikagonga mlango wa duka la Teban,
pale pale vipakiti vinaponing'inia kama pazia.
Teban alikiinua, akakigeuza, akakinusa.
"Kimerudi kwa mwenyewe," alisema.
Hakuna aliyecheka ila yeye.
Kesho yake alileta ndoo ya pili.

Basi tukatoboa miguu.
Kitu chepesi, ukikiachia maji yapite ndani,
hutulia.

Mwezi wa Aprili dawa zilimaliza nywele za mama.
Alikuja gerejini na kilemba cha taulo,
mkononi ukanda mzima wa shampuu,
vipakiti kumi na viwili, havijafunguliwa bado.
"Vimwageni," alisema, "mnachotaka ni ngozi yake."
Tuliosha baiskeli. Tuliosha mbwa wa Arsenio.
Tuliosha ngazi za kanisa
mpaka povu likavuka mtaa wa pili
na padri akatoka kuuliza kuna sikukuu gani.
Mama alikaa kando juu ya tairi,
akitazama povu lile likienda,
na mimi nilizungusha jeki bila kuangalia nyuma.

Vigoda vinne vilipoa siku hiyo.
Kitanda chake sasa kimesimama juu yavyo.
Kimoja hakikuyeyuka sawasawa:
mguuni umebaki uso wa mwanamke wa kwenye pakiti,
nusu yake tu,
jicho moja, mdomo, na nywele kama mto.

Najua kuna kiwanda mahali
kinachokata vipakiti vipya nikiandika mstari huu,
mamia kwa pumzi moja.
Sisi hutoa vigoda viwili kwa siku,
jeki isipokwama. Hukwama.
Na jua likiwaka sana, chumba hunuka ndimu ya uongo.

Usiku huu mwezi umejaa.
Mama anauliza kutoka juu, gizani,
"Yamefika wapi?"
Nachuchumaa majini na tochi.
"Kidevuni kwa yule mwanamke."
"Bado anatabasamu?"
Naangalia tena, nisije nikamdanganya.
"Bado."